Siku Nne Nje ya Mstari

Selpha Nabwire hakuwa mtu wa kubembeleza namba. Namba ikikaa vizuri aliiandika. Ikikaa vibaya aliifuta, akanawa mikono, akaenda kuangalia sufuria. Ndivyo alivyoipata diploma yake ya kilimo, na ndivyo alivyoiendesha ofisi ya kilimo ya Amukura mpaka wakulima wakamwita Mama Shamba, wengine kwa heshima, wengine kwa hofu. Kwa hiyo jioni ile, alipomkuta binti yake bado ameinamia karatasi za grafu kwenye meza ya chakula, hakuzunguka.

"Rael, toa hizo karatasi. Samaki anapoa."

"Dakika moja, Mama."

"Dakika yako imekaa hapo tangu mchana. Toa."

Rael akazisogeza pembeni, lakini hakuzikunja. Alikuwa amerudi Malaba kwa likizo ya Desemba, mwaka ule wa 1979, baada ya muda mrefu ng'ambo. Fizikia aliyosoma Nairobi ilimpatia nafasi katika chuo kikuu cha mbali, na chuo hicho kikamtuma mbali zaidi, kwenye kambi ya ndege huko Grinlandi, ambako jua la Desemba huchungulia kidogo tu likarudi kulala. Watu wa Malaba waliposikia kwamba binti wa Egwang anafanya kazi kwenye barafu, walidhani anauza samaki.

Egwang mwenyewe alikuwa ajenti wa forodha, mtu wa kubishana kutwa na madereva wa malori kuhusu mihuri na turubai. Alivuta kiti, akashika karatasi moja kwa ncha za vidole asiipake ugali.

"Sasa hii ndiyo ile vita ya ndege na setilaiti?"

"Si vita, Baba. Ni kulinganisha."

"Huku mpakani ni kitu kimoja. Nieleze tena, polepole. Mimi ni mtu wa magunia."

Rael akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Juu sana, juu kuliko mawingu ya mvua, kuna vumbi jembamba na vitone vya asidi. Setilaiti inatazama jua likizama kwenye ukingo wa dunia. Vumbi likiwa jingi, jua linafifia zaidi. Sisi kwenye ndege tunafanya kinyume. Tuko chini ya vumbi hilo, tunarusha mwanga wa leza juu, halafu tunapokea ule unaorudi."

"Kama tochi kwenye vumbi la barabara."

"Hivyo hivyo."

"Na vumbi hilo linawahusu nini?"

"Huko huko juu kuna ozoni, hewa inayotukinga na ukali wa jua. Watu wanaogopa kwamba gesi za friji na za makopo ya kupuliza dawa zinaila. Sasa, ukitaka kuipima ozoni kutoka angani, lazima utazame kupitia kwenye vumbi. Usipojua vumbi ni kiasi gani, ozoni huijui."

"Mnapima lori na mzigo, halafu mnatoa mzigo," Egwang alisema, akaridhika.

Kwenye karatasi ulikuwepo mstari mmoja ulionyooka, na vidoti vingi vimeung'ang'ania kama nzi kwenye kamba ya nguo. Kila kidoti kilikuwa siku moja ambayo ndege na setilaiti vilipima hewa ya mahali pamoja. Vilipokubaliana, kidoti kilikaa kwenye mstari. Lakini vidoti vinne vilikuwa vimepaa juu, peke yao, havina jirani. Siku hizo nne setilaiti iliona vumbi jingi sana kuliko lile lililoonwa na ndege.

Na hapo ndipo samaki alipopoa kabisa. Profesa wake Rael, Mzungu mmoja aitwaye Hartwell, alikuwa ametuma simu ya maandishi kwenye posta ya Malaba. Mkutano mkubwa ulikuwa unakaribia. Alitaka siku nne zile zifutwe, na mstari safi umfikie kabla ya wiki kwisha. Siku zikibaki, watu watauliza ni nani aliyeshika leza siku hizo. Aliyeishika ni Rael. Na kwa majira ya baridi yaliyokuwa yakianza, ndege ilikuwa na kiti kimoja tu cha mshika leza.

"Futa," Selpha alisema.

"Mama!"

"Futa, mwanangu. Siku nne kati ya siku zote hizo? Hata mimi ningefuta. Mwaka jana mikebe yangu ya kupimia mvua ya Adungosi ilikuwa inaniletea vituko. Pale Amukura hakuna tone, mkulima wangu Phanuel ananiletea gharika ya Nuhu. Nilimwambia mbele ya watu, Phanuel, ng'ombe wako wasinywee kwenye mkebe wa serikali. Tangu siku hiyo mikebe yote inasema neno moja. Mkubwa wangu wa Kakamega amenisifu kwa barua."

"Lakini sijui kwa nini zimetofautiana."

"Hujui, basi futa. Utajua baadaye ukiwa kwenye kiti."

Alisema kwa ukali kwa sababu alikuwa anaogopa. Alikuwa amewaona vijana wengi wa mpakani waliokwenda mbali na vyeti vyao wakarudi kuhesabu magunia getini. Tena alijua kitu ambacho Egwang hakukijua: mwanamke akiharibu mashine mara moja, ataitwa mharibu mashine mpaka azeeke. Hakutaka binti yake apoteze kile kiti kwa ajili ya vidoti vinne.

Rael alimaliza samaki wake. Karatasi hakuzigusa tena, lakini kifutio nacho hakukichukua.

Asubuhi yake Selpha alikuwa na safari ya Adungosi kukagua pamba. Landrova ya ofisi haikuwa na mafuta, kama kawaida ya mwaka ule. Akamwamsha binti yake.

"Twende wote. Ukibaki na hizo karatasi utapata macho ya bundi."

Walichukua boda boda mbili, baiskeli zenye viti vya sponji nyuma. Kijana aliyempakia Selpha alipokiona kilima cha kwanza alianza kuugua.

"Mama Shamba, hapa ushuke kidogo, mimi nitalia."

"Lia ukiendesha."

Phanuel na mke wake Milka walikaa kando ya barabara, kwenye nyumba ya mabati yenye uwanja uliofagiwa. Pamba yao ilikuwa imetandazwa kwenye mikeka, ile nyeupe upande mmoja na ile yenye madoa upande mwingine. Katikati ya uwanja, kwenye kigingi, ulisimama mkebe wa mvua ambao Selpha aliuleta mwenyewe: kopo la shaba lenye mdomo mpana, na ndani yake chupa ya kukusanya maji.

"Yoga, Mama Shamba!" Milka aliwapokea kwa salamu ya Kiteso. "Huyu ndiye binti wa barafu? Njoo, mwanangu, mbona umekonda hivyo? Huko hawali?"

"Wanakula, Mama. Ila chakula chao hakina chumvi."

"Pole sana," Milka alisema kwa huruma ya kweli, kama aliyeambiwa habari ya msiba.

Selpha alikuwa ameinama kwenye mkeka, anamwonyesha Phanuel pamba chafu aliyoichanganya na safi, wakati upepo wa baridi ulipopita uwanjani ukabeba majani. Wote waliinua vichwa pamoja. Wingu lilikuwa limekuja kutoka upande wa ziwa bila kubisha hodi.

"Pamba!" Milka akapiga kelele.

Hakukuwa na mgeni wala mwenyeji tena. Selpha alishika ncha moja ya mkeka, Rael ncha nyingine, wakakimbia nao mlangoni kama wabeba machela, huku matone makubwa yakianza kupasuka vumbini. Mkeka wa mwisho ulipoingia, mvua ilishuka yote kwa mara moja. Selpha alikuwa amerudi kuokota pamba iliyodondoka, na alipofika mlangoni hapakuwa na uzi mkavu mwilini mwake.

Kelele ya mabati iliwazuia kuzungumza. Walikula karanga, wakatazama uwanja ukigeuka kidimbwi. Rael alisimama mlangoni muda mrefu. Kisha akamvuta mama yake mkono.

"Mama, angalia kule."

Upande wa Amukura, nyuma ya pazia la mvua, jua lilikuwa linawaka juu ya mawe ya kilimani, makavu kabisa.

"Naona. Funga mlango, pamba inarushiwa maji."

Mvua ilipokatika, Phanuel aliwasindikiza mpaka barabarani akiwa ameshika viatu mkononi. "Kesho ni siku ya soko, Mama. Nitapita ofisini na namba yangu."

"Usichelewe," Selpha alisema, akikamua sketi yake.

Kesho yake Rael alimfuata mama yake ofisini Amukura, eti amsaidie kupanga kabati la mbegu. Kwa kweli alikuwa anaikimbia posta ya Malaba. Selpha alianza kazi kama kila asubuhi. Alisoma mkebe wa ofisi, akachukua chaki, akaandika kwenye ubao uliotundikwa nje ukutani ili kila mkulima apitaye ajue mvua ya jana. Mkebe ulikuwa mkavu. Akaandika: HAKUNA.

Soko lilipochangamka Phanuel alifika. Kupitia dirishani Selpha alimwona akiegemeza baiskeli, akivua kofia, akisimama kidogo mbele ya ubao, kisha akaingia.

"Habari ya asubuhi, Mama. Habari ya safari ya jana?"

"Njema. Haya, Phanuel, Adungosi mmepata ngapi?"

"Hakuna, Mama."

Selpha aliweka kalamu chini.

"Hakuna nini?"

"Mvua. Hakuna."

"Phanuel. Nilikuwa kwako."

"Ndiyo, Mama. Tulifurahi sana."

"Nilinyeshewa kwako. Nimelowa mpaka shimizi. Hii sketi niliyovaa ni ya kanisani kwa sababu ya jana haijakauka. Mke wako amenipa taulo. Halafu unaniambia hakuna?"

Phanuel alizungusha kofia mikononi. Alikuwa mtu mzima, mwenye ng'ombe wengi na sauti nzito, lakini pale alionekana kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya mwalimu. "Lakini Mama, ubao wako umesema hakuna."

"Ubao ni wa hapa! Wewe mkebe wako ulisema nini?"

"Ulijaa, karibu umwagike."

"Basi kwa nini?"

"Mama, usikasirike. Siku ile uliniambia ng'ombe wamenywea. Watu walicheka. Mimi si mwongo, na wewe si mtu wa kubishwa. Ni mama wa ofisi. Nikaona, kama mkebe wako na wangu wanagombana, mdogo ni wangu. Sasa mimi hupita hapa kwanza, naangalia mama amesema nini, halafu nasema hivyo. Ni heshima tu."

Nje, sokoni, mbuzi alikuwa akilia.

"Na wenzako?" Selpha aliuliza polepole.

"Wote, Mama. Josphat hutuma mtu aangalie ubao. Perez yeye hata mkebe hana haja nao. Kuku ametagia."

"Kuku ametagia wapi?"

"Ndani ya mkebe. Perez alitoa chupa, akaweka majani. Kuku ameridhika sana."

Rael, aliyekuwa nyuma ya kabati, alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika rafu. Kisha kicheko kikakatika ghafla, kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka.

Selpha hakucheka. Alikuwa anaiona ile barua ya kumsifu kutoka Kakamega, maneno yake mazuri yamepigwa chapa, na chini yake kuku wa Perez ameatamia. Alitoka nje akaufuta ubao kwa mkono mtupu, akarudi na kiganja cheupe.

"Kosa ni langu," alimwambia Phanuel. Hakulipamba neno hilo, na hakulirudia. "Kuanzia leo ubao haukai nje mpaka namba zenu ziwe mezani. Na ukija na mvua ya gharika, nitaandika gharika. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama. Na siku ile ya ng'ombe, hawakunywa kweli."

"Najua sasa."

Rael alikuwa ameketi juu ya gunia la mbegu. "Mama, zile siku zangu nyingine. Zile zilizokaa kwenye mstari."

"Zina nini?"

"Leza haikuambii moja kwa moja vumbi linazuia jua kiasi gani. Inakuambia mwanga uliorudi tu. Ili ulinganishe na setilaiti, lazima uzidishe kwa namba fulani. Namba hiyo haikuandikwa mahali popote. Tuliichagua sisi, wiki za kwanza. Tulichagua ile iliyofanya ndege na setilaiti zikutane."

"Mlisoma ubao."

"Si wizi, Mama. Kila mtu hufanya hivyo, mpaka apatikane mtu wa kukamata hilo vumbi lenyewe na kulipima. Lakini ndiyo. Tulichungulia."

"Na hizo nne?"

"Hizo zimekataa. Ukizidisha kwa namba yoyote ile, bado zinakataa."

Selpha alivuta kiti, akaketi mbele yake. Sasa aliuliza kama anavyomuuliza mkulima ambaye shamba lake lina ugonjwa. "Siku hizo ndege ilikuwa wapi?"

"Karibu na kambi. Upepo ulikuwa mbaya."

"Setilaiti ilikuwa inatazama wapi?"

"Kilomita kama mia tatu kutoka tulipokuwa, upande wenye baridi kali zaidi. Tulikubaliana tangu mwanzo kwamba mia tatu ni mahali pamoja."

"Mahali pamoja! Kutoka hapa mpaka kwa Phanuel hata jasho la baiskeli halikauki, na angalia nilivyorudi jana." Akasogeza kiti karibu. "Hiyo baridi ya upande ule. Inafanya nini hewani?"

Rael alitazama mikono yake. "Nadhani inafanya mawingu. Mepesi sana, juu kule kule kwenye vumbi. Wazee wa kambi wanajua mawingu ya namna hiyo, yanang'aa kama ndani ya kombe la chaza. Profesa anasema hayo ni nadra, hutokea nyuma ya milima tu, hayawezi kutanda eneo kubwa hivyo. Ninapotazama ramani ya baridi ya zile siku nne, naona yanaweza."

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia mara moja. Alicheka."

"Ukarudia?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Mama, yule ni profesa."

Phanuel, ambaye hakuna aliyemwambia aondoke na yeye hakuona sababu, aliinua kofia yake kuelekea kwa Rael. "Si unaona, Mama?" alisema, faraja imemjaa usoni. "Hata yeye."

Selpha alimtazama Phanuel, akamtazama binti yake, na kwa muda hakujua amkaripie nani. Watoto wa nchi hii, aliwaza, tumewafunza kusalimia vizuri mno.

"Rael, usiguse hata moja."

"Juzi ulisema nifute."

"Juzi nilikuwa na barua ya Kakamega. Leo nina kuku. Usiguse."

"Na kiti je? Akisema mimi ndiye niliyeharibu leza?"

Swali hilo lilimchoma Selpha palepale palipokuwa pakimuuma tangu mwanzo. Alitaka kusema kwamba kiti hakitakwenda popote, lakini hakuwa na ushahidi, na yeye hakuzoea kusema kitu bila ushahidi.

"Kinaweza kwenda," alisema. "Nitalia, halafu tutatafuta kingine. Lakini ukifuta, utakikalia huku ukijua umekalia nini. Sasa niambie, kuna njia ya kupima bila kusoma ubao?"

Rael akainuka kwenye gunia. Sauti yake ilibadilika. "Ipo. Siku ya baridi kali, ndege isikae karibu na kambi. Iende pale pale setilaiti inapotazama, wakati ule ule. Na namba ya kuzidishia tuiandike kabla ya kuruka, tuifunge, tusiiguse. Kama ni kosa la setilaiti, leza haitaona kitu. Kama ni mawingu, itayaona."

"Hiyo ndiyo uandike."

Mchana huo huo walipata lifti ya lori la simenti mpaka Malaba. Kwenye posta, karani Teresa alisoma ujumbe wa Rael mara mbili kabla ya kuupokea, kwa sababu alimfahamu tangu utotoni na alijiona ana haki. Ulisema kwamba siku nne hazifutwi, kwamba leza ilikuwa nzima, kwamba hewa haikuwa moja, na kwamba aliomba ndege ipelekwe kwenye baridi.

"Maneno ni mengi," Teresa alisema. "Ungepunguza 'kwa heshima'."

"Toa yote ya heshima," Selpha alijibu kabla ya binti yake.

Kisha ikawa kungoja, kazi ambayo Selpha hakuwahi kuisomea chuoni. Alizunguka mikebe yake yote. Kwa Perez alimkuta kuku kweli, akamhamishia kwenye kikapu, akaahidi kurudi. Josphat alikiri kabla hajaulizwa. Nyumbani alipika kupita kiasi, akamkaripia Egwang kwa sababu ya matope ya viatu, akaamka asubuhi akijiuliza kama ushauri wake ulikuwa wa mama au wa mwanamke aliyeumbuliwa na kuku. Wiki ikaisha. Hartwell hakujibu.

"Amekasirika," Rael alisema.

"Au hana stampu," Egwang alisema.

"Baba, simu ya maandishi haina stampu."

"Ndiyo maana imekawia."

Jumatatu Teresa alimtuma mtu nyumbani: kuna simu ya ng'ambo inakuja alasiri, Rael aje posta. Walikwenda wote watatu. Kibanda cha simu kilikuwa cha mtu mmoja, lakini Selpha aliingia pia, akabaki mlango umembana mgongo, na Egwang akasimama nje akiwazuia watu kwa mikono miwili kama anayeongoza lori lirudi nyuma.

Rael alizungumza Kiingereza cha haraka, na laini ilikuwa inakoroma kama mtu anayesukutua maji. Selpha aliyafahamu maneno, lakini aliyasikia ya upande mmoja tu, kwa hiyo alisoma uso. Mwanzo uso uliinama. Rael alisema hapana, leza ilikuwa nzima. Akasema hapana tena. Kisha akasema jambo moja refu bila kupumua, na Selpha alitambua kwamba hiyo ilikuwa mara ya pili anamwambia profesa habari za mawingu, na safari hii hakushusha sauti. Upande wa pili ulinyamaza, laini ikakoroma peke yake, na Selpha akashika kitasa cha mlango. Halafu sauti ya mbali ikaanza tena, ndogo, kama ya nyuki ndani ya chupa. Rael alisikiliza. Akasema ndiyo. Akasema ndiyo, tarehe hiyo naweza. Akaweka simu.

"Amesema nini?" Egwang aliuliza kwa kelele kupitia kioo.

Walitoka wakasimama barazani. Malori yalikuwa yamejipanga barabara nzima kuelekea getini, na taniboi mmoja alikuwa amelala juu ya turubai akiimba.

"Mkutanoni hanipeleki," Rael alisema. "Mstari wenye siku nne nje hauwezi kusomwa mwaka huu, na jina langu limetolewa. Amekasirika kweli."

Selpha alimsogelea. "Halafu?"

"Halafu setilaiti imeona tena. Wiki iliyopita, baridi ilipoanza huko. Vile vile, na eneo pana zaidi, na safari hii hakukuwa na ndege wala mimi. Haamini kama ni mawingu. Lakini hana jibu lingine, kwa hiyo ndege itakwenda pale setilaiti inapotazama, na namba itafungwa kabla ya kuruka. Ananitaka Januari. Amesema kama kuna kosa kwenye leza yangu, anataka litokee mbele ya macho yake."

Egwang alikuna kichwa. "Hiyo ni sifa au ni tusi?"

"Ni kazi," Selpha alisema.

Rael alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na hakuyafuta. Mama yake alimtazama kwa makini, namna alivyokuwa akitazama mche uliohamishwa kuona kama umeshika udongo.

"Na ndege ikifika huko isione kitu?"

"Basi nitakuwa nimekosea kuhusu mawingu. Nitaandika hivyo, na tutaanza kuitilia shaka setilaiti."

"Utaandika hivyo bila kungoja aandike yeye kwanza?"

"Bila kungoja."

"Vizuri." Selpha alikaza kitambaa chake kichwani na kutazama kushoto na kulia kati ya malori. Ng'ambo ya barabara Mhindi wa duka la nguo alikuwa anaanza kufunga vibao vya madirisha yake. "Basi msisimame hapo kama vigingi. Yule anafunga, na wewe huna soksi hata moja ya sufu."

Akashuka barazani, akainua mkono kulisimamisha lori lililokuwa likisogea, na dereva akakanyaga breki.